Uji wa Noela

Prudencia alikaa meza ya mbele, sahani ya sangara wa kukaanga ikimpoea, akiwasikiliza wanaume wakijisifu. Kituo kimoja cha redio kilikuwa kimewaita wanamuziki wa zamani wa Mwanza kwenye baa ya ufukweni, Jumapili mchana, waseme hewani ni wimbo gani waliotunga wenyewe wanaojivunia kuliko zote. Jambo zuri, ungedhani. Lakini Revocatus, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi aliyoiimbia Prudencia tangu usichana, alishika kipaza sauti akautaja wimbo wa kumsifu mwenye malori. Aliyemfuata akautaja wa kumsifu mwenye vituo vya mafuta. Hata haya hawakuona! Watu wazima, mvi kichwani, wanajivunia kujikomba kwa matajiri. Prudencia akaisukuma sahani kando. Yeye alikuja kwa jambo moja tu: kuliimba jina la mwanawe.

Noela alikuwa kifungua mimba wake. Alikufa kwa malaria asubuhi moja huko Kiseke, kikombe chake cha uji kikiwa bado mezani. Prudencia hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, akatunga wimbo. "Noela, uji wako umepoa," ndicho kiitikio, basi. Siku bendi ilipoufanyia mazoezi, mpiga besi aliweka gitaa chini akatoka nje.

Kisha akaja Kashindye. Huyo alitajirika kwa mabondo, vile vibofu vinavyotolewa tumboni mwa sangara na kuuzwa ng'ambo, na alinukia marashi kwa juu na samaki kwa chini. Bendi ikitaka kurekodi hutafuta mfadhili, na mfadhili hutajwa jina ndani ya wimbo. Ndiyo desturi. Kashindye alilipia studio, akausikia wimbo wa Prudencia, akataka atajwe humo humo, si kwenye mwingine. Revocatus akapima jina lake kwa kugonga meza.

"Ka-shi-ndye. Limeingia lenyewe, dada Prude! Hatugusi kitu kingine."

"Revo, huyo ni mwanangu."

"Mwanao tutamtungia mwingine. Huu ndio utakaotulisha."

Ukatoka hivyo: "Kashindye, uji wako umepoa." Upuuzi mtupu! Jitu zima lenye kitambi linaambiwa uji wake umepoa, na hakuna aliyeuliza uji gani. Walevi waliupa maana yao ya matusi wakaukatia viuno. Prudencia aliuimba Mkolani, akavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga akauimba Sengerema, maana bila huo hapakuwa na kazi. Akajipangia utaratibu wake: mdomoni Kashindye, moyoni Noela. Kila alipolitamka la tajiri, kimyakimya alilitaja la mwanawe, akaamini kwamba hajampoteza.

Sasa zamu yake ilifika. Mtangazaji, binti aitwaye Rebeka, alimsogezea kipaza sauti.

"Shikamoo, mama yetu."

"Marahaba, mwanangu."

"Na wewe unajivunia wimbo upi?"

"Unaitwa Noela."

Rebeka akatazama huku na huku. "Huo hatuufahamu, mama. Si tungeomba ule wa Kashindye?"

Watu wakapiga makofi. Kashindye mwenyewe alikuwepo, amezeeka, kitambi kimemtangulia, akipunga mkono kama bwana harusi. Revocatus, gitaa tayari begani, akamnong'oneza, "Dada, usituharibie. Mzee yupo."

"Nitauimba nilivyoutunga," Prudencia akasema kwa sauti, na redio ikabeba. "Asiyetaka azibe masikio."

Akaanza. Sauti yake ilikuwa bado nzima. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri, na alipouimba alikiona kile kikombe cha plastiki, utando umetanda juu ya uji. Akafika kwenye kiitikio, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Kashindye..."

Lilitoka lenyewe, safi kabisa, mahali pake. Ulimi haukumuuliza. Baa ililipuka kwa vifijo, watu wakidhani alikuwa akiwatania tangu mwanzo, na Revocatus akacheka kwa raha. Kashindye akaja akicheza, akachomoa noti, akailamba, akambandika kwenye paji la uso. Mate yake yalikuwa ya uvuguvugu. Prudencia akajaribu tena, na tena likatoka lile lile.

Akaweka kipaza sauti mezani akatoka. Nyuma ya jiko palikuwa na bomba, na mwanamke amechuchumaa akipara samaki. Prudencia aliibandua noti akaitupa kwenye ndoo ya matumbo. Akasukutua, akatema, akasukutua tena. Aliuchukia mdomo wake kuliko alivyowahi kumchukia Kashindye. Ndani wimbo uliendelea bila yeye, wala hakuna aliyemtafuta. Akakianza kiitikio kwa sauti ya chini, peke yake. Kashindye. Akakirudia. Kashindye.

Basi akaacha kuimba. Akalisema tu, kikavu, kama mama anavyomwita mtoto aje kula.

"Noela."

Hapo likatoka.

Mpara samaki, aliyekuwa akiufuatisha wimbo wa ndani huku magamba yakiruka, akanyamaza akainua uso.

"Noela ndiyo nani, mama?"

"Ndiye mwenye uji," Prudencia akasema.