Sifuri Thelathini za Benta

Kwa miaka kumi na sita Benta Awuor amekaa katika zahanati moja ya Magunga akisikiliza watu. Ni mshauri nasaha. Kila Alhamisi humpokea Javan, fundi wa nyavu anayevuka ziwa kutoka Takawiri. Javan ana ugonjwa wa baipola: hisia zake hupanda wiki kadhaa, halali wala hanyamazi, kisha hushuka akashindwa hata kunawa uso.

Mwaka jana alikuja Kezia Maroa, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha Migori. Alitaka kuonyesha kwa milinganyo jinsi hali ya mgonjwa inavyoivuta hali ya mshauri, na ya mshauri inavyoivuta ya mgonjwa. Kila baada ya mazungumzo, kila mmoja angeandika namba moja katika daftari: hasi tano kwa aliyezama, sifuri kwa aliyetulia, tano kwa aliyepaa.

Javan aliandika alivyojisikia. Benta aliandika sifuri. Wiki aliyomzika dada yake aliandika sifuri. Kwetu mtu akiulizwa habari hujibu njema, hata paa likiungua, na Benta alilijibu daftari kama anavyomjibu mgeni. Adabu hiyo inafaa mlangoni. Katika utafiti ni uongo, na sitaupa jina jingine.

Baada ya wiki thelathini Kezia alirudi na kompyuta, akawaonyesha mistari miwili. Wa Javan ulikuwa milima na mabonde. Wa Benta ulikuwa umelala.

"Sista, wewe ni ukuta," Kezia alimwambia Benta. "Hesabu inasema kupanda kwa Javan hakuhusiani nawe. Daktari wake akiiona hii, ataona mazungumzo hayana kazi, atamwambia aje mara moja kwa mwezi."

Javan alicheka. "Ukuta gani huo unaosinzia?"

"Nilisinzia lini?" aliuliza Benta.

"Mwezi wa sita. Mwalimu, huyu akichoka mimi naona. Basi naongeza maneno, namchekesha ili asianguke. Nikifika nyumbani siwezi tena kunyamaza. Sasa mkiniacha mwezi mzima, mtanikuta nimeshauza mashua ya kaka yangu."

Benta alitazama mikono yake.

"Zile sifuri zangu si za kweli, Mwalimu."

"Zote?"

"Labda mbili, tatu ni za kweli. Sijui zipi."

"Basi zirekebishe."

"Nikibuni nyingine nitakuwa nimekudanganya mara mbili."

Miezi saba ya kazi ilikuwa imekwenda na maji. Kezia alifuta mistari yote miwili, akamwandikia daktari kwamba hesabu bado haijasema lolote, na Javan aendelee kuja kila Alhamisi.

"Lakini tunaanza upya," alimwambia Benta. "Na safari hii mlinganyo unaweza kusema Javan anahitaji mshauri ambaye hajachoka hivi."

"Ukisema hivyo, nitampisha mwingine," alijibu Benta.

Alhamisi iliyofuata, kabla hata hawajaanza kuzungumza, Benta aliandika hasi tatu, akamsogezea Javan daftari. Javan alisoma. Alianza kusimulia kisa cha kuchekesha cha jirani na mbuzi wake, akakiacha katikati.

"Umechoka, Sista."

"Nimechoka. Si kazi yako kuniinua."

Wakazungumza polepole mpaka saa ikaisha, na mara mbili walinyamaza kabisa. Javan alichukua kalamu, akafikiri, akaandika moja.