Redio Zilizonyamaza kwa Ajili ya Bibi Zerif

Marehemu Sosin binti Mirza, Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lake, hakuwa mtu wa kuamini watu upesi. Wanawe na wajukuu wanaomlilia leo wanalijua hilo. Ukimsalimia barabarani aliitika, halafu akageuka kutazama unakoelekea. Mgeni akisifia nyumba yake, yeye aliuliza nani amemtuma. Waliomcheka kwa tabia hiyo hawakujua ilikomaa lini. Ilikomaa mwaka ule reli ya Mkataba ilipofika kwenye milima ya juu ya Ziwa Van, mwaka aliofariki mama mkwe wake, Bibi Zerif.

Mkataba wenyewe waliutia saini wakubwa wa mbali: serikali yao ya Uturuki kule Ankara, Iran, Pakistan na Waingereza, na Wamarekani wakiwa nyuma yao na mifuko yao. Shabaha ilikuwa kumzuia Mrusi na ukomunisti wake wasishuke kusini. Kijijini hakuna aliyeusoma. Waliujua kwa mshindo wa baruti iliyotikisa vyombo kabatini, na kwa kazi. Evdal, mume wa Sosin, alikuwa mpasua miamba.

"Sasa mtu unayemwogopa unamjengea njia?" Sosin alimuuliza siku ya kwanza.

"Njia haiendi kwake. Inaenda Iran."

"Na yeye miguu ya kufika Iran hana?"

"Mwanamke wewe, ungekuwa waziri tungekuwa bado tunaishi mapangoni."

"Ningekuwa waziri ungelala nyumbani, si kwenye mahema ya watu."

Kazi ya reli ilitaka mtu safi. Kapteni wa kituo cha askari aliwachunguza wote, maana mpaka wa Wasovieti haukuwa mbali, na kila aliyekuwa na jamaa ng'ambo alitazamwa mara mbili. Nani hakuwa na jamaa ng'ambo? Bibi Zerif mwenyewe, zamani za vita, aliachana na kaka yake njiani wakikimbia. Yeye alirudi na mama yao, kaka akavuka mto na wengine, kisha mpaka wa nchi ukafungwa nyuma yake.

Ndiyo maana Bibi Zerif aliipenda redio. Kila jioni kituo cha Yerevan, huko huko kwa Wasovieti, kilipiga nyimbo za Kikurdi na kusoma habari kwa Kikurdi. Redio za nchini hazikuwa na hata salamu moja kwa lugha hiyo, lugha ya kijiji. Basi mlango ulifungwa, redio ikafunikwa blanketi ili sauti isitoke nje, na bibi akaweka sikio pale pale akisubiri labda jina la kaka yake litatajwa. Nyumba nyingi kijijini zilifanya hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na kila mtu alijua.

Bibi Zerif alikufa Ijumaa moja mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani. Alizikwa kabla ya jua kuzama. Kisomo kikaanza, na kama ilivyo desturi yao, redio zote za kijiji zikazimwa. Si za wafiwa tu, za kila mtu. Kufungua redio jirani akiwa kwenye matanga ni sawa na kumchezea marehemu ngoma kaburini.

Wiki hiyo hiyo kapteni alitangaza kwamba wageni wa Mkataba wanakuja kuikagua reli, majenerali wa nchi zote. Evdal alirudi kazini siku moja kuomba ruhusa ya msiba, akarejea nyumbani kupokea mikono ya rambirambi. Hakukaa. Askari waliingia katikati ya kisomo, viatu miguuni, wakamchukua.

"Maswali tu," alisema mmoja wao.

Sosin aliwajua watu waliochukuliwa kwa maswali tu na kurudi theluji ilipoyeyuka. Wengine hawakurudi. Alisimama mlangoni na Msahafu mkononi, akaanza kuwapitia majirani mmoja mmoja kichwani mwake. Nani amesema? Amesema nini? Haikumchukua muda kufika kwa Perishan wa nyumba ya pili. Kaka yake Perishan ndiye aliyekuwa akimchemshia kapteni chai.

Jioni Perishan alikuja na mikate ya wafiwa, bado inatoa mvuke.

"Rudi nayo," Sosin alisema.

"Dada Sosin, mkate wa msiba haurudishwi."

"Mkate wa kwenu una masikio. Mpelekee kapteni, ale na chai."

Wanawake waliokuwa wameketi ndani waliinamisha vichwa. Perishan aliiva kwa aibu mpaka shingoni.

"Umefiwa na umechoka," alisema. "Nitakuja kesho."

"Usije."

Kesho yake aliyekuja ni Jemshid, mkuu wa kijiji, kutoka kituoni. Aliketi bila kukaribishwa.

"Mwanangu, jambo ni hili. Kapteni amepata habari kwamba kijiji kizima kimezima redio siku ile ile moja. Na mara tu baadaye wageni wakatangazwa. Anasema hiyo ni amri. Imetoka Moscow, ikaingia kwa hewa, watu wakaipokea na kunyamaza. Anataka kujua wanasubiri nini, na aliyewaambia ni nani."

Sosin alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu maziko, na kiligeuka kilio kabla hakijaisha.

"Ami Jemshid, si ungemwambia ni matanga?"

"Nikimwambia tumezima kwa matanga, ataniuliza tulikuwa tumefungua nini."

"Mwambie tulikuwa tunasikiliza Ankara."

"Kwa Kituruki? Marehemu alijua Kituruki? Nusu ya kijiji hiki ikishikwa na kiu mbele ya askari itakufa, haijui kuomba maji."

"Kwa hiyo Evdal abaki huko?"

Mzee alitazama zulia. Sosin akamtazama yeye, naye akaingia kwenye hesabu: mbona huyu hakushikwa? Mbona anaingia kituoni na kutoka?

Aliswali rakaa mbili. Kisha akaitoa redio kabatini, akaifunga kwa shali yake.

"Twende. Wewe utanitafsiria. Lakini kwanza weka mkono hapa uape hutageuza neno langu."

"Umwapishe mkuu wa kijiji?"

"Mkuu wa kijiji hasa."

Jemshid aliapa, huku akinung'unika.

Kapteni alikuwa kijana kuliko alivyomdhania, mtu wa pwani ya magharibi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kaka yake Perishan alileta chai. Sosin hakuigusa. Aliweka redio mezani, akafungua shali.

"Hii ni yangu," alisema. "Baba yangu alinipa nilipoolewa. Tulikuwa tunafungua Yerevan. Mama mkwe wangu alikuwa anamtafuta kaka yake humo. Sasa amekufa, nimeizima. Kwetu mtu akifa redio hazisemi. Hiyo ndiyo amri tuliyoipokea, na haikutoka Moscow."

Jemshid alitafsiri polepole, jasho likimtoka. Kapteni akauliza swali.

"Anauliza nani wengine walikuwa wanasikiliza."

"Mwambie ni mimi na marehemu. Kama ananishuku, amuulize marehemu."

"Sosin!"

"Umeapa, ami."

Alipotafsiriwa maneno hayo, kapteni aliitazama redio. Sosin akaona amepata nafasi, akaisukuma.

"Muulize kwao mtu akifa wanafanya nini. Wanapiga muziki?"

Kapteni alijibu kwa ufupi, bila kumtazama mtu.

"Anasema kwao pia mtu akifa redio huifunika kwa kitambaa," Jemshid alisema. Kisha, baada ya kusikiliza tena: "Evdal atatoka leo. Kazi ya reli amekwisha kuikosa. Na redio inabaki hapa."

Sosin alichukua shali yake.

Walirudi watatu kwa miguu. Evdal alikuwa na alama shavuni na hakutaka iulizwe. Jemshid alipokata njia kwenda kwake, Sosin akasema, "Umemjua aliyetuchongea?"

Evdal alitembea kidogo.

"Siku ile nilipokwenda kuomba ruhusa, msimamizi aliniuliza kama kijijini kwetu watu wanasikiliza ng'ambo. Nikamwambia, wallahi, tangu Ijumaa hakuna redio hata moja iliyofunguliwa. Nilitaka kutusafisha. Na sikusema uongo."

Sosin alisimama katikati ya njia.

"Tangu Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Na kabla ya Ijumaa?"

"Hapo ndipo alipoweka kalamu chini akanitazama."

Sosin alimtaja Mola wake, akatembea mbele ya mume wake mpaka nyumbani bila kumsemesha. Hakumwambia mtu yeyote aliyoyasikia. Kijiji kilikuwa kimekwisha kuanza kunong'ona: mbona Evdal ametoka upesi hivyo, ameuza nani? Kwa miezi mingi wanaume walinyamaza alipoingia msikitini. Treni ilikuja kweli baada ya miaka, na Sosin, Mungu amrehemu, hakuipanda maisha yake yote.

Lakini jioni ile, kabla ya Magharibi, alikwenda kwa Perishan. Alimkuta ameinama juu ya tanuri, anabandika madonge ya unga kwenye ukuta wake wa ndani.

"Nimekuja kuula ule mkate," Sosin alisema.

"Tuliula wenyewe. Ulitaka tuuzike?"

"Nilikudhania wewe, dada."

"Najua. Na mimi nilikudhania wewe."

"Mimi? Nimfungishe mume wangu mwenyewe?"

"Wake za watu wamefanya makubwa kuliko hayo."

"Astaghfirullah. Na sasa unamdhania nani?"

Perishan aliingiza mkono ndani ya tanuri, akabandua mkate, akaupasua, akampa nusu. Sosin aliupokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akala amesimama, na Perishan akamtazama mpaka alipomeza.