Uzi wa Nne

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na ugonjwa wetu walimu wa hesabu ni kulipenda jibu sahihi kuliko mtu aliyeuliza swali. Nalisema hili mapema ili msije mkanionea huruma.

Baba yangu alipiga gitaa la kati katika bendi ya dansi hapa Tabora, lile linalosimama kati ya solo na rithimu, likijibu huku na kuunga kule. Bendi ilikufa zamani, yeye hakuacha. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikaa barazani kwetu Gongoni, akapiga wimbo mmoja aliomtungia mama enzi za uchumba wao. Haukuwa na maneno. Mwaka jana kiharusi kikampiga, kikachukua mkono wa kushoto na nusu ya mdomo.

Mtaalamu wa mazoezi alituambia wazi: mkono ukikunjwa na kunyooshwa kila siku utarudi, walau kiasi; ukiachwa, utakauka. Mwezi wa kwanza baba alikubali. Wa pili akawa anakubali kwa kununa. Nikaona moto unazimika, na mimi si mtu wa kukaa nikitazama. Nikawaza kwamba akiusikia wimbo wake atatamani kuupiga, na akitamani kuupiga atautaka mkono wake. Hiyo ndiyo hesabu yangu, na mpaka leo sioni ilipokosewa. Kilichokosewa ni kingine.

Gitaa lenyewe nililikuta na nyuzi zilizoota kutu. Nikanunua seti mpya dukani Mtendeni, za zamani nikazikata na kuzitupa bila hata kuzitazama. Uzi wa nne ukagoma kukaa. Kijifereji chake kule kichwani kilikuwa chembamba mno, nami nikadhani ni kazi mbovu ya kiwandani. Nikatafuta tupa, nikakichonga mpaka uzi ukaingia, kisha nikajipongeza kwa chai.

Kupiga sikujua. Nilichojua ni mahali vidole vya baba vilipokaa, kwa kuwa utoto wangu nimeumaliza nikiwa nimeketi miguuni pake nikivitazama kuliko kuusikiliza wimbo. Mwalimu mwenzangu akaniwekea kwenye kompyuta programu inayochora shingo ya gitaa, nyuzi sita na vyuma vyake vyote. Unabonyeza pale kidole kinapokaa, nayo inakutajia jina la kodi, yaani noti zinazolia pamoja. Ukitaka, inawasha kwa kijani kila noti ya skeli, ile ngazi ya noti ambamo kodi hiyo imezaliwa, kuanzia kichwani hadi tumboni mwa gitaa. Jamani, nilifurahi! Niligundua kwamba kodi si uchawi: unachukua noti za skeli, unaruka moja, unachukua moja. Vidole vilivyonishangaza utotoni vilikuwa vikifanya hesabu muda wote. Nilijifunza wiki sita, ncha za vidole zikachubuka, chaki ikawa inaniwasha darasani.

Siku ya kumpigia nilichagua saa kumi jioni. Kitanda chake tulikihamishia sebuleni, karibu na dirisha. Nikapiga. Akakunja uso.

“Si... hivyo,” akasema.

Nikarudia polepole. Akatikisa kichwa. “Si hivyo.”

Mtu mwenye busara angeuliza, basi vipi? Mimi nilipandwa na hasira. Wiki sita! Nikaibeba kompyuta, nikaiweka mapajani mwake, nikamwonesha kodi moja baada ya nyingine: C hii hapa, F hii hapa, G hii, na huu mteremko wako wa noti moja moja, kila noti ni ya kijani, hakuna hata moja iliyo nje ya skeli.

“Baba, ni hivyo hivyo. Mashine hii haikosei.”

Aliitazama ile kijani kwa muda mrefu. Kisha akageukia ukutani.

Kesho yake nikarudia, na keshokutwa, kila nikija na ushahidi zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilikuwa na digrii. Siku ya nne hakubisha tena. Alilala kimya, nami nikahesabu kwamba nimeshinda. Jioni ile mama alipomfuata kwa mazoezi, aliuficha mkono chini ya blanketi. Uji akaukataa. Presha ikapanda.

Mama alinivutia uani. “Tangu ulete hilo dubwasha lako baba yako hali. Ukimpigia tena, hilo gitaa nitalitia jikoni, na ugali utakaoiva nalo utaula wewe.”

“Mama, mimi nataka apone.”

“Unataka akubali kwamba umepatia.”

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Wiki mbili zikapita hivyo. Vidole vya mkono ule vikaanza kujikunja ndani, kimoja kimoja, na mtaalamu wa mazoezi akiondoka alikuwa hatutazami usoni. Mimi nilimkaripia baba. Nilimwambia anakata tamaa kama mtoto. Hilo neno nimelisema mimi, kwa mdomo huu.

Jumamosi moja mama aliniamuru niliondoe gitaa sebuleni. Nikalitia kwenye mfuko wake wa turubai, na kwenye kijimfuko cha pembeni mkono wangu ukagusa pakiti ndogo ndogo za nyuzi. Zilikuwa saba. Nikazisoma, na zote zilikuwa za uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote. Nani ananunua nyuzi saba za kwanza? Nikalitoa gitaa tena, nikalipeleka kwenye mwanga. Vyuma vya shingoni vilikuwa vimelika, na chini ya uzi wa nne vilikuwa vimelika kwa mstari mwembamba, sawasawa na chini ya uzi wa kwanza. Kumbe baba mahali pa uzi wa nne alikuwa akifunga uzi wa kwanza, na kijifereji kile kilikuwa chembamba kwa ajili yake.

Kwenye programu ile kuna mahali pa kubadilisha sauti ya kila uzi. Nikaupandisha wa nne oktavu moja nzima, yaani mpaka noti ya jina lile lile iliyo juu yake, nikaiacha ipige yenyewe wimbo niliouingiza. Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. C ilibaki C, G ikabaki G, kijani ile ile, kwa sababu noti ya uzi wa nne ni re, na re ya chini na re ya juu zote huitwa re. Lakini mteremko wa baba, ambao mimi nilikuwa nikiushusha, sasa ulikuwa unashuka hatua mbili na kurukia juu, kama alivyokuwa akiupiga barazani. Mashine haikuwa imesema uongo. Niliiuliza majina, ikanipa majina.

Nikafunga uzi wa kwanza mahali pa uzi wa nne, nikaulegeza mpaka ukafika re ya juu. Ukawa unachezacheza kwenye kijifereji nilichokichonga, nikakunja kipande cha karatasi na kukishindilia chini yake. Nikaingia sebuleni.

Mama alikuwa amekaa kando ya kitanda, mashine ya presha mikononi. “Nimekukataza.”

“Mara moja tu, mama. Ikishindikana nitalichoma mwenyewe.”

Baba alikuwa amelala kaelekea ukutani. Nilianza vibaya, nikasimama, nikaanza upya. Nilipofika kwenye mteremko nikauona mgongo wake ukikakamaa, na mama akainuka nusu. Sikuacha. Baba alijisukuma kwa mkono wa kulia, akageuka taratibu, akautazama mkono wangu mpaka nikamaliza.

Midomo yake ilihangaika sana kabla sauti haijatoka.

“Nilidhani,” akasema, akapumzika. “Nilidhani masikio nayo yamekwenda.”

Sikuweza kumtazama. Mwanamuziki amepoteza mkono, amepoteza nusu ya ulimi, amebaki na masikio, na mimi nikaja na kompyuta kumthibitishia, siku nne mfululizo, kwamba anachosikia hakipo.

“Masikio yako mazima, baba,” nikasema. “Ulisikia sawasawa. Mimi ndiye niliyeutoa uzi wako, nikaweka usio wako, halafu nikakubishia. Nisamehe.”

Hakusema amenisamehe. Aliingiza mkono wa kulia chini ya blanketi, akautoa ule wa kushoto kwa kuushika kiganjani, akauweka mapajani mwangu, juu ya gitaa.

“Kunja,” akasema.