Nilivyofanyia Mazoezi ya Theluji Turwa

Wasomaji wangu, nimejiaibisha hivi karibuni, tena kwa mpango kamili.

Mke wangu alikubali twende Lesotho, likizo ya kuteleza kwenye theluji, kwa sharti moja: nimthibitishie kwamba hatutavunjika miguu. Gharama nilikwisha kuzipunguza. Tungesafiri kwa basi, tukodi vifaa kulekule, na makoti tununue mitumbani. Kilichobaki ni kujua mwili utapatwa na nini, nami niliazimia kujua.

Alfajiri moja, bila kumwambia mtu, nilipanda kilima cha malisho nyuma ya nyumba zetu, hapa Turwa. Nilivaa koti zito, glavu, na kofia ya sufu iliyoacha macho tu. Nikapaka mbao mbili mafuta ya ng'ombe, nikazifunga miguuni, nikashika fimbo mbili. Sikujiuliza mtu wa namna hiyo, akinyata kando ya ng'ombe wa watu, huku Tarime anafanana na nani.

Yowe likapigwa. "Mwizi wa ng'ombe!"

Wanaume wakatoka na mapanga. Nilitaka kusimama niwaeleze, lakini mbao zilikuwa zimekwisha kuondoka nami. Nikateremka kwa kasi, nikaanguka chali mbele yao.

"Vua kofia, wewe!"

Nikavua.

"Aa! Shikamoo, mwalimu," akasema mmoja, panga likiwa bado juu.

Nyuma yake alisimama mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima hatutazamani wala kusemezana. Akajifunika kanga usoni, akawageukia wale wanaume.

"Mwambieni mkwe wangu, huko kwenye theluji ataenda peke yake."