Farasi Mwenye Kichwa Upande

"Kibao hakishuki," kinyozi alisema, akipangusa kiti kisichokuwa na vumbi. "Yule dobi kanifanyia hila."

"Hila gani, baba watoto?" mkewe akauliza, mikono kiunoni. "Alikufunga kitambaa machoni?"

Kibao kiliandikwa BINGWA WA SATARANJI, herufi kubwa kuliko mlango. Kinyozi alikuwa ameapa mbele ya wateja kwamba akifungwa na mama dobi wa nyumba ya pili, mfua soksi za watu, atakishusha kwa mikono yake mwenyewe. Na hicho kibao ndicho kitu pekee alichowahi kukimaliza maishani. Hata kunyoa, alikuwa akimwacha mtu na kisogo nusu ili ahadithie ushindi wake.

Ushindi upi? Alikuwa na ufunguzi mmoja tu, akiuita Wembe: anasukuma askari wa mfalme, anamtoa malkia mbio, anamleta tembo amsaidie, na kwa hatua nne mfalme wa mwenzake kwisha. Miaka kumi na moja aliwanyoa hivyo watu waliojifunza mchezo asubuhi ile ile. Hatua ya tano hakuijua. Ukimuuliza, atakohoa mpaka uende zako.

Basi jana, siku ya pambano lao, ukumbi umejaa hadi madirishani, kinyozi akachomoa Wembe wake. Dobi akazuia. Malkia akarudi nyuma kidogo, akalenga tena. Hapo dobi akaleta farasi mbele ya malkia, akamweka upande, kichwa kikitazama ukutani, akabonyeza saa ya mchezo na kutulia kama anayesubiri nguo zikauke.

Sasa kinyozi na kichwa kilichokaa upande, jamani. Miaka thelathini anavishika vichwa vya watu kwa vidole viwili, anavinyoosha. Mkono ukaenda wenyewe. Akamgeuza farasi wa mwenzake vizuri kabisa.

"Umemgusa, mle," mwamuzi akasema. "Sheria ya sataranji: ukigusa kete ya mwenzako, lazima uile."

Wa kumla alikuwa malkia wa kinyozi peke yake, na malkia wa dobi alikuwa nyuma, anamngoja. Yaliyofuata hata kuyasimulia naona uvivu.

"Nilikuwa namnyoosha tu," kinyozi akamwambia mkewe.

"Wateja wanatoka hapa kama wametafunwa na mbuzi, halafu wewe unahangaika na farasi wa mbao. Panda ukishushe, watu wanapita wanacheka."

"Mke wangu, misumari ile ni mirefu. Na hata ningetaka, ngazi sina."

Mlango ukasukumwa. Mama dobi akaingia kinyumenyume, akivuta ngazi.