Kompyuta ilipona Themi, ikaugua Kimandolu: nilivyomkamata mchawi wa driver

Wakuu, habari za kutwa.

Hili limenitokea mimi mwenyewe mwezi uliopita, sijaongeza chumvi. Wajuzi wa hardware mtacheka. Chekeni, ila someni hadi mwisho.

Mimi nachora ramani za nyumba, naishi Kimandolu hapa Arusha. Mimi na ndugu zangu tumekubaliana kumjengea mama nyumba mpya kule kwetu Meru, palepale ilipo ya zamani aliyoijenga marehemu baba. Paa lake linavuja mpaka juu ya kitanda cha mama.

Mama akagoma.

"Hizo karatasi zenu sizielewi. Nionyesheni nyumba niingie ndani, ndipo mguse ya baba yenu."

Basi nikaamua kumtengenezea 3D, ile unayotembea ndani chumba kwa chumba. Angeshuka kwangu Jumamosi na kurudi jioni hiyohiyo, maana ng'ombe hawana likizo. Nikishindwa siku hiyo, analala kwenye mvua msimu mwingine. Hilo lilininyima raha kabisa.

Nikanunua graphics card used, ile kadi inayochora picha kwenye kioo, nikaifunga. Driver yake, yaani programu inayoiwezesha kadi kufanya kazi, ni file kubwa, na mimi nyumbani naishi kwa bundle za simu. Nikafanya kama tunavyofanya wengi: nikaviringisha CPU kwenye blanketi, nikapanda nayo boda hadi kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Themi, ambaye ana Wi-Fi ya kueleweka na kioo cha kuchomekea.

Nikashusha driver, nika-install. Mashine ikaomba restart, nikaahirisha, nilikuwa na haraka ya kuona. Nyumba ikafunguka, inazunguka laini kabisa! Nikazima, nikarudi nyumbani nikiimba.

Nawasha Kimandolu: maandishi makubwa kama bango la barabarani, na programu ya 3D inagoma kufunguka.

Kesho yake nikarudi Themi, nikidhani file lilishuka vibaya, nikalishusha na ku-install upya. Ikapona. Kimandolu ikaugua tena.

Mara ya tatu dada akanipokea mlangoni. "Wewe, unaitembeza hiyo kompyuta kama mgonjwa wa rufaa. Mwache apumzike!"

Nilikasirika, lakini wakuu, nilishaanza kunogewa. Kitu gani kinabadilika njiani? Nikashuku umeme wa kwangu. Nikashuku mitikisiko ya boda, labda kadi inalegea.

Nikaamua kupima. Nikai-install upya palepale Themi, ikafanya kazi vizuri. Nikazima. Sikuigusa, sikuisogeza hata inchi. Nikanywa chai ya dada, nikawasha.

Maandishi makubwa!

Kumbe boda hana kosa. Umeme wa kwangu hauna kosa. Ugonjwa unaingia wakati wa kuzima, na unaingilia Themi kwenyewe.

Nikafungua historia ya updates. Mchawi huyu hapa: driver ya kadi yangu, toleo la zamani kuliko langu, imejiweka yenyewe. Tena mara tatu, kila siku niliyokwenda kwa dada.

Nyumbani nilishaiweka mashine kwenye hali ya kubana data ili isinilie bundle, kwa hiyo haishushi kitu. Ikiona Wi-Fi ya dada inakula kwa pupa, na kwenye sahani inaokota hata driver isiyotufaa. Nikizima tu, inaipachika juu ya ile yangu. Yaani nilikuwa nampeleka mgonjwa kuchukua dawa kulekule anakoambukizwa.

Dawa: nilibeba driver kwenye flash kutoka kwa dada, CPU nikaiacha nyumbani. Nikaingia safe mode, mashine ikiwaka na vya lazima tu, nikafuta driver zote, nika-install yangu bila internet, nikafanya restart bila ubishi safari hii, kisha nikazima driver zisijisasishe zenyewe. Tangu hapo imetulia.

Jumamosi mama akafika. Nikamkalisha mbele ya kioo, tukaingia sebuleni, jikoni, chumbani kwake.

"Nipeleke dirishani," akasema.

Nikampeleka. Nje niliweka barabara na maua.

"Mlima uko wapi?"

"Uko nyuma ya nyumba mama, upande wa choo."

Akanigeukia. "Baba yako kila asubuhi alifungua dirisha akautazama, ndipo akasema leo tunapanda mbegu au hatupandi. Mimi bado naufungulia. Sasa niutazame nikiwa chooni?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Nikaigeuza nyumba palepale mbele yake, dirisha la chumba chake likaelekea mlimani, na nje nikaweka picha ya mlima.

Akausogelea kioo, mkono uko shavuni.

"Haya," akasema. "Bomoeni."

Wakuu, somo la driver ni kutenganisha vitu, upime kimoja kimoja kabla ya kulaumu umeme. Ila linalonikera mpaka leo ni jingine. Wiki nzima nimehangaika mashine imwonyeshe mama nyumba, na sikuwahi kumuuliza anataka kuona nini.

Kuna mwenye njia fupi zaidi ya kuizuia driver isijirudishe? Na mliowajengea wazazi, nyie mliwauliza kwanza? Leteni maneno.