Bisibisi ya plau kwa bunduki ya Bwana Kelele

Wakuu, mko aje. Mimi ni mzee wa miaka themanini na nane hapa Rongai. Hii simu nimeijulia uzeeni, mtanivumilia spelling.

Juzi kijana mmoja ameuliza hapa kama anaweza kufungua skrubu za bunduki ya upepo na kisu ya jikoni.

Ala! Weka kisu chini kwanza.

Nitakuambia kitu niliona na macho yangu. Sina haja ya kudanganya, wenye ningedanganya walishakufa wote.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa plau kwa shamba la mzungu. Tulimwita Bwana Kelele. Kwa huyo mtu hakuna fundi alijua kazi kuliko yeye mwenyewe.

Chui alikuwa anamaliza ndama. Zilikuwa zimeenda tatu.

Mchungaji alikuwa Mzee Chumo, na bibi na watoto sita, nyumba yao hapo hapo shambani. Bwana akamwambia, moja tena ikiliwa, beba vitu zako uende.

Aende wapi? Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya Mau Mau, mtu hakuwa anatoka shamba moja aingie lingine hivi hivi.

Sasa Bwana akaagiza darubini ya bunduki kutoka Nairobi. Akaifunga mwenyewe, na bisibisi yetu ya plau! Ncha imenona kama kidole, na skrubu ina mfereji mwembamba sana. Anasukuma, inateleza, anatukana, anasukuma tena.

Jioni moja chui akatokea. Bwana akapiga, risasi ikaenda kwa majani.

Nani alilaumiwa? Mzee Chumo, ati amekohoa.

Kesho yake Bwana akaleta bunduki karakana, akaibana kwa vaisi. Mara simu ikalia kwa nyumba. Akakimbia, akaiacha hapo.

Wakuu, Mwafrika kuguza bunduki siku hizo ilikuwa kujitafutia kamba. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, hata mama yangu alinichapa kwa sababu yake.

Nikaangalia mlango. Nikaguza darubini. Ikacheza kama jino la mtoto!

Nikakata kibati cha mkebe wa majani chai, nikakiingiza kwa mfereji wa skrubu. Hapo nikajua unene. Nikarudi kwa plau yangu.

Halafu nikachukua tupa kuukuu, nikainoa kwa jiwe pole pole, nikichovya kwa maji isipoteze ugumu. Ncha ikakaa sawa na kile kibati. Haikuwa imechongoka kama patasi, ilikuwa unene mmoja mpaka mwisho. Hiyo ndiyo siri, ile ya kuchongoka lazima iteleze.

Nikampelekea Bwana. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Wewe najua namna gani hii skrubu iko ndogo?"

Nilikuwa sijafikiria hiyo swali hata kidogo, ujinga wangu.

Nikasema tu ukweli. "Mimi naona wakati Bwana nakwenda kwa simu."

Nafikiri alipiga hesabu: akinipeleka polisi, yeye pia ataulizwa bunduki alimwachia nani.

Akaiweka kwa skrubu. Ikaingia ndani kabisa. Akakaza zote, hakuna iliteleza hata mara moja.

Siku ya nne chui alianguka kwa risasi moja. Mzee Chumo alibaki na nyumba yake. Aliniletea kibuyu kizima cha maziwa ya mursik, akalia mbele yangu, mzee mzima. Nami nikalia, siwafichi.

Funzo ni hili: pima kabla ujitie nguvu. Skrubu haitaki misuli yako, inataka ncha ya size yake. Na kama ni bunduki ya ukweli, peleka kwa fundi mwenye leseni.

Lakini kuna kitu bado inanisumbua.

Alipomaliza kukaza nilinyosha mkono anirudishie bisibisi yangu. Akaifungia kwa kabati ya chuma pamoja na bunduki.

"Hii sasa iko kitu ya bunduki," akasema. "Wewe hapana gusa."

Nikajibu, "Ndio, Bwana."

Nyinyi mngejibu aje? Andikeni hapo chini. Nasoma pole pole, lakini nasoma.